Namuuguza jirani aliyeniita mwizi, lakini moyoni nina hasira

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita. Mume wangu ni dereva wa malori, akiondoka huweza kukaa safarini wiki mbili hata tatu. Mimi naamka saa kumi alfajiri napika vitumbua na chapati, nauza hapo nje barabarani, na kwenye saa nne ndipo nageukia kazi za nyumbani.

Chumba cha mwisho anaishi bibi mmoja, mjane, Mwislamu, umri wake umeshapita miaka sitini. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Upande wake wote wa kulia hauna nguvu na maneno yanamtoka nusunusu. Binti yake anafanya kazi Dar es Salaam. Alikuja alipolazwa, akakaa siku chache, akarudi. Mjukuu wa kiume aliyekuwa akiishi naye naye ameondoka, hatujui alipo.

Niseme na yaliyotangulia. Nyumba yetu ina mita moja ya umeme wa LUKU, tunachanga kila mwezi. Kuna mwezi mchango ulikuwa mikononi mwangu, ukapotea. Bibi huyu ndiye aliyesimama uani, mbele ya wapangaji wote na mwenye nyumba, akasema mimi ni mwizi na kanisani naenda kufunika maovu yangu. Hela ile niliilipa kwa kukata mtaji wa vitumbua. Baadaye ikajulikana kwamba aliyeichukua ni mjukuu wake yule yule. Hakuna aliyerudi kuniambia hata pole. Yeye alijua, akawa ananisalimia kama vile hapakuwa na neno.

Alipougua nilianza na uji tu. Padri alikuwa ametoka kuhubiri habari za Msamaria Mwema, na mimi nikaona siwezi kupita mlango ule kila siku kama yule kuhani. Uji ukazaa kumwogesha, kumwogesha kukazaa kufua, na sasa kila kitu ni mimi. Wapangaji wenzangu ukiwaambia wanajibu, "Si wewe upo?" Katika jumuiya yetu ya kanisani mmoja aliniambia wenzake wa msikitini wapo, kwa nini sisi tuhangaike. Mwingine akanishauri nitumie nafasi hii kumvuta aje kwa Yesu, maana sasa hana pa kukimbilia. Na mwenyekiti anataka Jumamosi nisimame nitoe ushuhuda wa upendo.

Ushuhuda gani, mama? Akitaka beseni hugonga ukuta kwa kijiko. Kuna siku namsikia, nami naendelea kugeuza vitumbua kana kwamba sijasikia. Shuka zake nazisugua kwa hasira. Nikimlisha, neno lile "mwizi" linarudi masikioni. Mbele za watu natabasamu.

Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili. Jioni nikienda kununua unga na mafuta, yeye ndiye anayebaki na bibi, anamgeuza, anafua. Mwalimu wake ameniita, alama zimeshuka. Mume wangu aliporudi safari hii alisema basi, niache, bibi ana mtoto wake.

Nikiacha naona nimemkataa Kristo. Nikiendelea naona mimi ni mnafiki. Nimesoma Paulo anaposema hata nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini, kama sina upendo hainifaidii kitu, na tangu hapo sipati usingizi. Nisaidie.

Mama wa vitumbua, Morogoro

*

Milele na milele, amina. Marahaba mwanangu.

Umeishia mstari wa tatu wa sura ile, Wakorintho wa Kwanza 13, na ndiyo maana hulali. Endelea kusoma. Kuanzia mstari wa nne Paulo anaeleza upendo ni nini, na yote anayoyataja ni mwenendo: unavumilia, unafadhili, haujivuni, hautafuti mambo yake, hauhesabu mabaya. Hakuna mahali anaposema mwenye upendo husikia raha moyoni anapomtazama jirani yake. Alikuwa akiwaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana, wakishitakiana mahakamani, na wenye navyo wakila wakashiba huku maskini wamekaa na njaa penye meza ya Bwana. Watu wale hawakuwa wakipendana kwa hisia, naye hakuwaambia wasubiri mpaka hisia zije.

Mnafiki ni mtu anayejifanya anapenda ili apate kitu. Wewe unapata nini pale chumba cha mwisho? Unamwaga beseni la mtu aliyekuvunjia jina, hakuna anayekulipa, na mwenyewe hawezi hata kukushukuru kwa sentensi nzima. Hasira unayo, sikatai, na tutaizungumza. Lakini kuwa na hasira na bado ukapika uji, ukaupoza, ukaupeleka, huo si unafiki. Ni upendo unaofanya kazi bila msaada wa moyo, na huo ndio mgumu kuliko wote.

Unamjua Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yule aliyefariki 1897 akiwa na miaka 24 tu. Katika monasteri yao ya Lisieux, Ufaransa, alikuwamo mtawa mmoja ambaye kila alichofanya kilimuudhi Teresia. Ameandika mwenyewe kwamba alijiwekea kumtendea yule mtawa kama ambavyo angemtendea mtu anayempenda kuliko wote, mpaka mwenzake akamuuliza siku moja ni kitu gani kinachomvutia kwake. Na kuna siku hasira ilipomzidi, alitimua mbio, akaondoka mbele ya yule mtawa asije akasema neno baya. Kanisa limemfanya Mwalimu wa Kanisa, na hakuona aibu kuandika kwamba alikimbia.

Kisa chake kingine ni kama chako hasa. Alikuwako mtawa mzee, mgonjwa, asiyeridhika na lolote, ambaye kila jioni ilibidi aongozwe kutoka kanisani hadi chumba cha chakula. Teresia alijitolea. Akienda haraka aliambiwa anataka kumwangusha mtu. Akienda polepole aliambiwa mkono wake hausikiki, mtu ataanguka. Kufika mezani ilibidi amkalishe, amkunje mikono ya vazi kwa namna ileile anayoitaka yeye, ndipo aondoke. Jioni moja Teresia akagundua kwamba mikono ya yule mzee inapata taabu kukata mkate. Hakuombwa. Tangu siku hiyo akawa haondoki kabla hajamkatia mkate wake na kumpa tabasamu. Na yule mzee alikuja kumpenda kwa ajili ya jambo dogo kama hilo. Mwanangu, tabasamu lako la mbele za watu, lipeleke ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa. Huko halitakuwa la uongo, kwa sababu hakuna mwingine anayeliona ila yeye.

Sasa kijiko. Hapo sitakubembeleza. Hasira iliyo moyoni ni jaribu lako. Hasira inayomwacha mtu asiyejiweza alale juu ya mkojo imeshahama moyoni, imeingia mkononi. Hiyo ipeleke kwenye kitubio, na ikome. Kama mafuta yako jikoni na huwezi kuondoka, paza sauti: "Nakuja bibi, naepua." Mgonjwa anayejua amesikiwa anaweza kusubiri. Anayegonga bila jibu anaanza kuogopa, na hofu ya mtu asiyeweza kuita ni kubwa.

Kuhusu neno "mwizi". Ile amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, Bwana Yesu aliichukua katika Mambo ya Walawi 19. Soma na yanayoitangulia pale pale, mstari wa 17 na wa 18: usimchukie ndugu yako moyoni mwako, sharti umkemee jirani yako, usilipize kisasi, usiwe na kinyongo, ndipo linakuja "umpende jirani yako". Yaani torati ilijua kwamba anayenyamaza huku anaumia ataishia kuchukia. Wewe umefanya yote isipokuwa hilo la kusema. Umemsafisha mwili wake kila siku na hujamwambia kwamba alikuumiza.

Mwambie. Usimwambie unapomwogesha wala unapomlisha, maana hapo yuko chini ya mkono wako na itakuwa kama kumtisha. Chagua mchana umetulia, ameshakula, kaa mahali anapokuona usoni, funga mlango mbaki wawili. Sema kwa maneno machache: "Bibi, siku ile uani uliniita mwizi. Hela sikuchukua mimi, na wewe unajua. Iliniuma sana na bado inaniuma. Nimekuja kukwambia, na nakusamehe." Kiharusi huweza kuchukua maneno ya mtu kikamwachia akili yake yote, kwa hiyo usidhani haelewi kwa sababu hawezi kujibu. Mpe muda. Anaweza kulia, anaweza kukushika mkono kwa ule wa kushoto, anaweza pia kugeuza uso ukutani. Msamaha wako usiufunge na jibu lake. Ila nakuhakikishia kwamba kumlisha mtu uliyekwisha mwambia ukweli si kama kumlisha mtu unayemfichia kesi.

Binti yako aondoke kwenye kazi hii, leo. Hapa mume wako yuko sahihi. Mkristo anaweza kujitoa, lakini anatoa kilicho chake. Asubuhi zako ni zako, mgongo wako ni wako, hata mtaji wa vitumbua ni wako. Jioni za mwanafunzi wa kidato cha pili anayesubiriwa na mtihani wa taifa si zako kuzigawa. Akitaka mwenyewe kumsalimia bibi na kumsomea kitu dakika kumi, vema, atajifunza huruma. Kumgeuza mtu mzima kitandani na kufua shuka zilizochafuka kila siku, hapana. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Umeogopa kumkataa Kristo chumba cha mwisho, ukasahau kwamba yuko na chumba cha kwanza.

Na huyo Msamaria aliyekuanzisha, rudi umtazame vizuri katika Luka 10. Alimfunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni na kumuuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba, akamwambia amtunze, na kitakachozidi atakilipa akirudi. Kisha akaendelea na safari yake. Bwana Yesu hakumlaumu kwa kuondoka. Hakuna anayesema kwamba upendo wa kweli ungemtaka aache biashara akae pale mpaka jeraha la mwisho lipone. Alihakikisha mgonjwa ana mtu, akaahidi kurudi, basi. Wewe hujampata mwenye nyumba ya wageni. Umejaribu kuwa Msamaria, punda na nyumba ya wageni kwa pamoja.

Kuwaita wengine si kumkimbia bibi, na ni kuwapenda hao wengine pia. Unapobeba peke yako unawanyima nafasi ya kutenda mema, na unamfunza yule binti wa Dar es Salaam kwamba mama yake ameshapata mtoto mwingine. Mpigie simu, usimtumie ujumbe. Usimgombeze, huenda naye anabanwa na kazi na anaona aibu. Mwambie hali halisi: mama yako anahitaji mtu wa kumgeuza mchana na usiku, mimi nitaweza asubuhi tatu kwa wiki, hizo nyingine tunazipangaje? Aidha atume hela ya kumlipa msichana au mama wa mtaani awe anakuja, aidha amchukue, aidha apange zamu na ndugu zake. Mwachie siku ya kujibu, na ikifika mpigie tena.

Nenda pia msikitini kwao, ukiongozana na mpangaji mmoja. Yule mwenzako wa jumuiya amesema kweli kwamba wapo. Kosa lake ni kulitumia hilo kama sababu ya kukaa. Mwone imamu au akina mama wa pale, uwaambie mwenzenu anaumwa, tunaomba tusaidiane. Pitia na ofisi ya serikali ya mtaa. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuanzia nao. Kama bibi hajaandikishwa, aandikishwe; wasiwasi wa hela za dawa za presha utapungua sana, na dawa hizo asiziache hata akionekana ana nafuu.

Huyo aliyekushauri umvute bibi abadili dini kwa kuwa hana pa kukimbilia, usimsikilize. Hilo ni kumwekea mgonjwa bei. Msamaria hakumuuliza yule mtu aliyelala njiani anaabudu kwenye mlima gani, na tunajua Wayahudi na Wasamaria hawakuwa wakichangamana. Ukitaka kumwonyesha Kristo, muulize kama angependa maji ya kutawadha, na umsaidie kutawadha. Mgeuze aelekee kibla wakati wa swala. Muulize binti yake kuhusu vyakula asivyokula. Kumsaidia mtu kumwomba Mungu kwa namna anayoijua, wakati mwili wake umemgomea, ni upendo usiojitafutia chochote, na hakuna haja ya kuongeza neno.

Machache ya uuguzi, kwa sababu upendo usio na ujuzi unaweza kuumiza. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, na kila mnapomwogesha angalieni visigino, nyonga na mwisho wa mgongo. Ngozi ikiwa na doa lisilofifia, hapo kidonda kinaanza. Usimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega linateguka kirahisi. Alishwe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, uhakikishe chakula hakijabaki shavuni upande wa kulia, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, mwelezeni daktari mapema. Mwombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini awafundishe mnavyoweza kumnyoosha nyumbani. Na vaa glavu. Hakuna ubaya wowote kwa Mungu katika kuvaa glavu.

Mume wako akirudi, mwonyeshe mpango wenyewe: asubuhi tatu, mtoto nje, wengine ndani. Nadhani hakukasirishwa na bibi, alikasirishwa na kuona nyumba yake haina mama. Mwachie naye kazi moja akiwa likizo, kama kumtoa bibi nje kwenye jua. Mwanaume wa kunyanyua kiti anahitajika.

Limebaki la Jumamosi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi 1976 wakaamua Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogondogo, walitaka imani iishi pale watu wanapoishi, uani na jikoni, mahali majirani wanapojuana kwa shida zao. Jumuiya inayotaka kusikia ushuhuda wako huku mgonjwa amelala mlango wa sita haijafika huko bado, na wewe unaweza kuisaidia. Mwambie mwenyekiti ushuhuda hapana, ila unaomba nafasi kwenye matangazo. Simama useme: "Nyumbani kwetu kuna mgonjwa wa kiharusi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi ni zangu. Jumanne na Alhamisi nahitaji mtu wa kumwogesha na mwingine wa kufua. Jumamosi tutawaomba akina mama wa msikitini. Nani anachukua Jumanne?" Na usikae mpaka katibu aandike jina kwenye daftari.